Vitunguu vya maua mbele ya nyumba

Mtu akiombwa kuandika juu ya mila za Masisi na Walikale, mara moja anafikiri ngoma, mahari, baraza la wazee na hadithi za jioni. Hayo yote ni ya kweli, na wengine wameyaandika vizuri kuliko sisi. Sisi tumechagua jambo dogo lenye watu wanalipita kila siku bila kulitazama: maua yanayopandwa mbele ya nyumba, zaidi yale mafupi yanayotoka katika kitunguu kilichofichwa ndani ya udongo.

Msomaji atauliza: maua nayo ni mila? Tunajibu ndiyo, kwa sababu kwetu mtu hapandi ua fasi anapolala siku mbili tu. Mihogo unaweza kuipanda ukiwa mkimbizi, maharagwe vilevile, juu ya njaa. Lakini ua halijazi sufuria. Anayepanda ua anasema kwamba anafikiri kuwa hapo mwaka ujao. Katika nchi kama yetu, ambamo watu wamefunga mizigo mara nyingi, neno hilo ni zito.

Sisi tulizaliwa katika milima ya Masisi, tukasomea ualimu Goma, tukafundisha shule ya sekondari upande wa Walikale na tena upande wa Masisi. Yanayofuata tuliyaona kwa macho, au tulifundishwa na mama zetu wenye mikono ya udongo.

1. Waliyoyapanda wazee

Zamani mimea ya karibu na nyumba kila mmoja ulikuwa na kazi. Nyuma ya nyumba ilisimama migomba. Pembeni kulikuwa na dawa: ya tumbo, ya kikohozi, ya mtoto anayelia usiku. Kwenye mpaka ulichomekwa ule mti mwembamba wenye majani marefu kama upanga, ambao wataalamu wanauita Dracaena na wanaosema Kinyarwanda wanauita umuhati. Ukikata tawi lake na kulichomeka katika udongo, linaota. Ukiukata, unachipuka tena. Kwa hiyo wazee waliufanya kuwa shahidi, maana shahidi mzuri ni yule asiyekufa upesi.

Jambo hilo si la kwetu peke yetu. Waganda wana mti wa namna hiyo wanaouita mulamula, jina linaloelekea neno lao la kuhukumu. Wachagga wa Kilimanjaro wanauita isale, na mtu aliyemkosea mwenzake anampelekea jani lake kuomba msamaha. Hata Kameruni, katika nyanda za juu za magharibi, jani la mti wa jamii hiyo ni alama ya amani. Watu hawa wote hawakukaa mkutano mmoja kupatana. Kila mmoja aliangalia mti unavyoishi, akaelewa kazi unayoweza kufanya.

Upande wa Walikale mambo ni tofauti. Huko msitu wenyewe ni ukuta wa nyumba, na kazi ya mwanadamu ni kuusukuma nyuma kidogo ili apate nafasi ya kuanika mpunga. Lakini huko ndiko tulikoonyeshwa kitunguu cha ua cha kwetu asilia. Kinakaa chini ya majani yaliyooza, katika kivuli, na wakati wake ukifika kinatoa shina moja lenye mpira mwekundu juu yake, sawa moto wa makaa. Mpira huo si ua moja. Ni maua madogo mengi yaliyokusanyika. Jina lake la kitaalamu ni Scadoxus. Aina moja inaishi katika misitu ya mvua ya Kongo, nyingine inapatikana karibu Afrika yote ya kusini ya Sahara. Mama mmoja wa Walikale alikuwa amehamisha vitunguu vitano hivi kutoka msituni mpaka chini ya mti wa parachichi nyumbani kwake. Tulipomuuliza sababu alicheka: «Mwalimu, vilikuwa vinakaa peke yao kule. Nilivileta vikae na watu.»

2. Ua la kitabuni

Sisi watoto wa shule tulikuwa na ua lingine, ambalo hatujaliona hata siku moja. Katika imla na vitabu vya kusoma vya Kifaransa tulikuta neno narcisse na neno jonquille. Tulijua kuyaandika bila kosa. Tulijua kwamba ni maua ya njano, yanatoka Bulaya theluji ikiyeyuka, nayo ni alama ya mwisho wa baridi. Mwalimu akiuliza majira manne ya mwaka, tulijibu kwa sauti moja, sisi tulio na masika na kiangazi tu.

Baadaye tulijifunza kwamba yako pia madogo, ya urefu wa kiganja au zaidi kidogo, yanayopandwa kando ya njia na katika vyungu. Asili ya ukoo huu ni zaidi Hispania na Ureno, na leo yanalimwa kwa wingi Uholanzi na Uingereza. Wengine kwetu walitamani kuyapanda. Padri mmoja aliletewa vitunguu kumi na ndugu zake wa Bulaya, akavipanda milimani akifikiri kwamba baridi ya Masisi itatosha. Majani yalitoka mazuri. Maua hayakutoka, na mwaka wa pili hata majani yalipungua.

Sababu inafaa kufundishwa darasani. Kitunguu cha narcisse kinahesabu baridi. Kinahitaji majuma kama 12 mpaka 16 ya baridi mfululizo, chini ya digrii 9 hivi, ndipo shina la ua linyooke. Usiku wa Masisi ni baridi, kila mtu aliyelala Mushaki anajua, lakini asubuhi jua linarudi na udongo unapata joto. Tunaishi karibu na mstari wa ikweta. Baridi yetu ni ya usiku mmoja mmoja, haifungamani kuwa majira. Basi kitunguu kile kinangojea kipupwe kisichokuja, kinakula akiba yake, mwisho kinachoka.

Hatusemi hivyo kudharau ua la wengine. Tunasema kila ua lina saa yake. Ile ya narcisse inapiga kwa baridi. Sisi tunahitaji lile ambalo saa yake inapiga kwa mvua.

3. Ndugu yake anayengojea mvua

Ua hilo tunalo. Watu wengi hawana jina lake maalum, nyumbani kwetu tunaliita ua la mvua tu. Kitunguu chake ni kidogo, kama cha kitunguu-maji kichanga. Majani ni membamba, mtu asiyejua atafikiri ni majani ya vitunguu vya kupikia. Ua moja linasimama juu ya kila shina, la urefu wa kiganja au zaidi kidogo, jeupe au la rangi ya waridi. Yako pia ya njano. Wataalamu wanaliita Zephyranthes, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya upepo wa magharibi na ua.

Nalo si mzaliwa wa hapa. Asili yake ni Amerika, kutoka nchi za Meksiko mpaka kusini karibu na mto La Plata, na limetembea katika nchi nyingi za joto. Katika kijiji chetu wazee walisema kwamba lilitoka kwenye bustani ya masista wa misioni: mama mmoja aliyefua nguo huko aliomba mbegu, akampa dada yake, dada akampa jirani. Mahindi na mihogo nayo ilitoka Amerika, na leo nani atasema si chakula chetu? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ua la mvua lilipewa jembe, likafanya kazi.

Lina ukoo mmoja na narcisse, ukoo mmoja pia na ule mpira mwekundu wa msituni. Tangu 2009 wataalamu wanaweka hata kitunguu cha jikoni ndani ya ukoo huo mkubwa. Ndiyo maana neno letu la kitunguu cha ua si ujinga hata kidogo.

4. Kazi liliyofanya mwaka 2003

Mwezi wa tatu mwaka 1993 vita vilianza kwenye soko la Ntoto, upande wa Walikale, vikapanda mpaka Masisi. Familia yetu ilishuka Sake, kisha Goma. Tulikuwa na umri wa kuanza sekondari. Tulirudi kutazama kiwanja miaka kumi baadaye, mwezi wa saba mwaka 2003. Nyumba haikuwako. Mabati yalikuwa yamechukuliwa, miti ya kuta imekuwa kuni, na majani yalifika kifuani. Kisha, mtu mwingine alikuwa akilima maharagwe kwenye nusu ya kiwanja. Naye alikuwa amefukuzwa kwao, akakuta fasi tupu, akalima. Baba alisema mpaka unapita huku. Yule bwana alisema aliambiwa unapita kule. Sauti zilianza kupanda, na kila mmoja wa wasomaji wetu anajua mambo kama hayo yanaishia wapi huku kwetu.

Mzee mwanamke wa jirani, ambaye alikuwa amekaa kimya, akasema: «Muache kelele. Mungojee mvua.»

Watu wengine walifikiri anasema mambo ya uganga. Lakini baba na yule bwana walikubali kungojea, maana maharagwe pia yalikuwa bado kukauka. Mwezi wa tisa, siku chache kisha mvua kubwa ya pili, mistari miwili ya maua meupe ilitoka katikati ya majani. Ilikuwa ile njia mama yetu aliyoipanda kutoka barabarani mpaka mlangoni. Mistari ilipokwisha, hapo ndipo mlango ulikuwa. Mama alisimama hapo, akageuka mkono wa kuume, akahesabu hatua ishirini na mbili, akasema: «Mutafute hapa.» Walipofyeka walikuta kisiki cha ule mti wa mpaka, kimetoa machipukizi matatu.

Hakuna aliyeitwa mwongo. Yule bwana alivuna maharagwe yake yote, wazee wakamwonyesha fasi nyingine ya kulima, na mama akampa vitunguu vya maua katika kipande cha kitambaa. Tumewahi kuona mabishano yenye karatasi na mihuri ambayo hayakuisha vizuri namna hiyo. Hatusemi ua lichukue nafasi ya karatasi. Tunasema mahakama haikuwa karibu, karatasi zilikuwa zimeungua, na kitunguu hakikuungua kwa sababu kilikuwa chini.

5. Namna ya kulitunza

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, maana ua halikui kwa kusifiwa.

Wakati. Milimani panda mwisho wa kiangazi, mwezi wa nane, kabla mvua za mwezi wa tisa hazijashika. Wakati mwingine mzuri ni mwezi wa pili, kabla ya mvua za mwezi wa tatu. Kitunguu kilichopandwa kikavu kinapata nafasi ya kukaa kabla ya kuamshwa.

Fasi. Chagua fasi yenye jua kwa nusu ya siku au zaidi, maji yasisimame. Udongo wa Masisi kwenye miteremko ni mzuri. Ule wa majivu ya volkano upande wa Sake ni mwepesi, maji yanapita upesi, changanya na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaozesha.

Kupanda. Kina cha vidole viwili au vitatu kinatosha, nafasi ya kiganja kati ya kitunguu na kitunguu. Ncha iangalie juu. Panda kwa mstari au kwa duara, maana kitunguu kimoja peke yake kinapotea katika majani. Vikiwa ishirini, jirani atasimama.

Walikale. Huko mvua haipumziki vya kutosha, na ua hili linapenda kiu kidogo kabla ya kunywa. Likilowa mwaka mzima linatoa majani mengi na maua machache, au kitunguu kinaoza. Dawa yake ni kuinua udongo: tengeneza tuta la urefu wa goti, au tumia sufuria iliyotoboka, ndoo ya zamani, bidoni iliyokatwa katikati na kutobolewa chini. Iweke chini ya ukingo wa paa kwa majuma matatu bila maji, kisha itoe mvuani. Wanafunzi wetu walipenda jaribio hili kuliko masomo yote, kwa sababu jibu linatoka lenyewe kwa siku chache. Kwa fasi yenye kivuli, usilazimishe ua la mvua: panda ule mpira mwekundu wa msituni, uko nyumbani kwake.

Kugawanya. Kitunguu mama kinazaa watoto pembeni. Kila mwaka wa tatu au wa nne, chimba fungu zima wakati wa kiangazi, litenganishe kwa vidole, rudisha vikubwa, gawa vidogo. Fungu lililosongamana linaanza kunyima maua. Na majani yakianza kuwa njano usiyakate wala kuyafunga mafundo: ndiyo yanayorudisha chakula kitunguuni kwa ajili ya mwaka ujao.

Wanyama. Mbuzi wetu hawakuyagusa, wala ng'ombe waliopita. Sababu yake si heshima, ni sumu. Ndani ya kitunguu mna kitu kinachoitwa likorini, kinachotapisha. Kwa hiyo sikilizeni vizuri, mama wa nyumbani na watoto: usipande ua la mvua karibu na vitunguu vya kupikia, wala usihifadhi vitunguu vyake jikoni. Nyumbani kwetu kanuni ni moja: kisichonuka kitunguu hakiingii sufuriani. Mtoto anafundishwa kunusa kabla ya kuvuna.

Subira. Katika masimulizi ya Wanyanga ya Mwindo, yaliyosimuliwa na mzee Rureke mwaka 1956 na kuandikwa na Biebuyck na Mateene, Muisa anamwamuru Mwindo kufungua shamba la migomba, na vyombo vinalima vyenyewe, ndizi zinakua na kuiva siku ile ile. Hayo ni ya shujaa. Sisi wengine tunalima na kungojea. Kitunguu kidogo kilichotenganishwa leo kinaweza kukaa mwaka mmoja au miwili bila ua. Usikitupe.

6. Desturi ya kuomba mbegu

Katika familia yetu kitunguu cha ua hakiuzwi. Kinaombwa. Unakuja mchana, si usiku, unabisha, unakaa, unasalimia, kisha unasema: «Mama, maua yako yalinifurahisha, unipatie mbegu.» Mwenye nyumba anachimba mwenyewe, anakupa zaidi ya kimoja, na wewe ukishapata maua unarudi kumwambia. Kwa njia hiyo kila fungu lina ukoo wake: haya ni ya shangazi, haya ni ya mke wa katekista, haya ni ya yule mama aliyehamia Pinga. Nyumba ambazo lugha zake ni tofauti, Kihunde hapa, Kinyarwanda pale, Kinyanga au Kitembo kule, zilikuwa na maua ya fungu moja. Ua halikuondoa chuki, hatutadanganya. Lakini mtu uliyempa mbegu una sababu moja zaidi ya kumsalimia.

Shuleni tuliifanya kuwa kazi ya darasa. Kila mwanafunzi aliombwa kuleta kitunguu kimoja na jina la aliyempa, na lugha nne ziliingia katika tuta moja. Waliandika tarehe ya mvua na tarehe ya ua la kwanza, wakahesabu siku kati yake. Wakajifunza kwamba majira yetu nayo yanastahili kuandikwa kwenye daftari sawa na yale ya Bulaya.

7. Leo

Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-centre mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu vilifika Walikale-centre. Kati ya miezi hiyo, kambi za wakimbizi karibu na Goma zilivunjwa, na watu waliambiwa warudi walikotoka, wengi wao bila nyumba ya kurudia. Msomaji anaweza kutuona watu wasio na akili, kuzungumza maua katika wakati kama huo.

Lakini tuliona mama mmoja akivunja kibanda chake kambini. Alikunja turubai, akafunga sufuria mbili, kisha akapiga magoti mlangoni akachimba kwa kijiko. Vilitoka vitunguu tisa. Mtoto wake alimwambia waache, njia ni ndefu. Alijibu: «Hivi havina uzito. Na kule hatujui mlango ulikuwa wapi.»

Tunaomba chama chetu na wasomaji wake mambo mawili. Kwanza, mwandike majina ya mimea hii katika lugha zote za Masisi na Walikale wakati wazee wanaoyajua bado wako, kwa sababu sisi walimu tunayajua ya Kifaransa kuliko ya kwetu. Pili, kila mwenye fungu lililosongamana aligawanye kiangazi hiki na kumpa mtu aliyerudi juzi, hata kama hajamjua vizuri. Achimbe mwenyewe, ampe zaidi ya kimoja, amwambie kina cha vidole vitatu, na amuonye juu ya sufuria.